Mashine ya Uweso Ilikunywa Nini?

Mimi ndiye mwanamke wa kwanza pwani yote ya Tanga kutibu mashine ya boti.

Haya, nacheka mwenyewe. Sikutibu kitu. Nilishika chupa tu, tena kwa kuamriwa.

Lakini chupa ile ilimuumbua mtu mbele ya kijiji kizima cha Kigombe.

Miaka ya hamsini hiyo, Mwingereza bado yupo. Jirani yetu Uweso alinunua mashine kuukuu kwa mzungu mmoja wa Raskazone aliyekuwa anarudi kwao. Akaifunga nyuma ya boti. Kifua mbele, utadhani kaiunda yeye.

Siku za mwanzo ilinguruma hadi kuku wakaacha kutaga.

Kisha ikaanza maradhi. Akivuta kamba, inawaka. Akifika mkondoni, inakohoa, inazima. Anarudi kwa kasia, huku wenye ngalawa wanamzomea:

"Uweso! Mzungu wako kalala?"

Mamake, Bi Mwatumu, jibu alikuwa nalo. "Mkeo huyo. Ana kisirani. Tangu alipoikanyaga boti, umeona heri?"

Mkewe ni Mwanasiti, shoga yangu. Yatima wa Pangani, hana hata mjomba wa kumsemea. Kosa lake, kila asubuhi alikwenda na ndoo kuosha magamba ya samaki botini.

Uweso akamwita Ernesti, fundi wa mashine za mkonge. Ernesti akafungua plagi, imelowa. Akaikausha. Akazibua kitundu cha kifuniko cha tangi. Akasafisha kabureta. Ikawaka!

Kesho yake, ikazima tena.

"Basi tuone inakunywa nini," akasema Ernesti. "We dada, shika chupa."

Dada ndiye mimi. Akamimina petroli ya tangini. Tukangoja. Petroli ikabaki juu, maji yakakaa chini, vimetengana kama wake wenza.

"Maji! Tena yana manjano ya kutu," akasema. "Hapa kuna mtu anayatia."

"Mwenye ndoo nani?" akauliza Bi Mwatumu, kwa sauti tamu kama halua.

Macho yote kwa Mwanasiti.

"Wallahi mama, tangi sijaligusa!"

"Basi aliligusa nani?" akadakia Bi Mwatumu. "Mimi hata sijui linafunguliwaje."

Uweso hakuuliza la pili. Palepale ufukweni, mbele ya wachuuzi wa dagaa, akamtamkia mkewe talaka. Si moja. Tatu. Watu wakacheka. Kuna aliyepiga kigelegele, na namjua hadi leo.

Mwanasiti akainama, akaokota ndoo yake, akashika njia. Hakuna aliyemwambia hata kwaheri.

Wajukuu zangu, somo nawapa hapa hapa: mashine ina spea, talaka tatu hazina. Chunguza kwanza, kisha ndiyo ufungue mdomo.

Maana mimi bado nilikuwa na chupa mkononi.

Nikaitazama vizuri. Kutu gani hii? Ernesti Mkristo wa Magila, angejulia wapi? Sisi tumelelewa na rangi ile. Kombe! Aya zimeandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Safari hii mgonjwa aliyenyweshwa alikuwa mashine.

Nikamsogelea bibi yule kwa adabu zote.

"Pole, Bi Mwatumu. Mkamwana wako kakutieni aibu. Kumbe kamwagia tangini maji ya kuoshea samaki."

"Ya samaki?" Akaruka. "Astaghfirullah! Kombe la Yasini, zafarani ya dukani kwa Esmailji, namwekea mwanangu tangini kila alfajiri apate salama, wewe mwana hizaya unaliita maji ya samaki?"



Uweso akageuka polepole. "Mama. Si umesema hujui tangi linafunguliwaje?"

"Mie... nililikuta li wazi, mwanangu."

Ernesti akaokota kifuniko, akakikaza tangini kwa nguvu, akakinyooshea kidole. "Hiki, bibi? Kilijifungua chenyewe kila alfajiri?"

Bi Mwatumu akaingiza mikono ndani ya kanga. Amechelewa. Vidole vyake tulikwisha kuviona: manjano hadi kuchani.