Shanga za Donatha

Niwaulize, wajukuu: shamba langu dogo, miezi tisa nalitazama na sijui kama nimepanda maharage au viazi. Ni nini?

Msikune vichwa. Ni tumbo la mama.

Sasa sikieni ajabu. Mimi Nyirasafari, mwanamke mzima, niliwahi kumpa mwanamke mwenzangu mimba.

Tena ya mapacha!

Msicheke. Kaeni.

Niliolewa hapa Nyamyumba nikiwa na miaka thelathini. Wenzangu wa rika walishakuwa na watoto wa shule. Nikazaa binti, Denyse. Nikazaa binti tena. Mpaka wa tano, Belise: binti.

Nyumba ya pili alikaa Donatha, mke wa mdogo wa mume wangu. Yeye alianza kuzaa akiwa na miaka kumi na tisa. Kijana, binti, kijana, kijana. Kama mtu anayechagua sokoni!

Wivu ulinishika mpaka sambaza, wale dagaa wa ziwani, zikawa chungu mdomoni. Mama mkwe akimwita "mama wa vijana", mimi nabamiza sufuria chini makusudi.

Halafu mume wangu Sebagabo akanimalizia kabisa:

"Mi nakupa mwaka moja. Kama hakuna kijana, naleta muke mwingine. Donc, ujipange."

Nikajipanga. Nikaanza kumchunguza Donatha.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda ziwani kununua samaki, alishusha mkufu wa shanga nyuma ya mlango. Za kahawia, nyeupe, na nyekundu moja. Anasogeza kipete cha mpira shanga moja mbele, anautundika tena.

"Donatha, hiyo ni nini?"

"Ni ya kuhesabu siku, mama Denyse." Akacheka, akaenda zake.

Kuhesabu siku! Yebabawe! Nikajua: kuna siku za vijana na siku za mabinti, na huyu ametuficha!

Jumapili, yeye yuko misani, nikaingia nikauchukua.

Nikajiamulia mwenyewe: nyeupe ni gauni la bibi harusi, hizo siku za mabinti. Kahawia ni migongo ya wavuvi, hizo za vijana. Nyekundu ni damu ya mwezi; yangu ikija, naanzia hapo. Basi siku nyeupe Sebagabo akisogea, kichwa kinaniuma. Siku ya kahawia, namwita mimi!

Miezi ikapita. Tumbo langu kimya.

La Donatha likavimba. Akazaa mapacha. Vijana wawili!

Nililia jikoni, nikasingizia moshi.

Nikabeba zile shanga mpaka kituo cha afya. Muuguzi alicheka mpaka akashika meza.

"Mama! Hizi ni za kupanga uzazi. Siku za kahawia, mimba haiingie kirahisi. Nyeupe njo inaingia. Kijana ao binti, shanga hazijue."

Mnaona? Mwaka mzima nilijifungia mlango wangu, nikaufungua wa Donatha.

Sebagabo akatimiza neno lake. Akavuka mpaka pale Grande Barrière, akaoa Goma. Na yule mwanamke akamzalia nini? Binti.

Alirudi baada ya miaka miwili, nguo kwenye mfuko, macho chini. Chakula nilimpa. Kitanda nilimwonyesha cha wageni.

Juzi nilikaa uani na Donatha tukichambua maharage. Belise, siku hizi anasomea ukunga, akatusomea kitu kwenye simu: watafiti wameona kwamba mama aliyeanza kuzaa umri umesogea ana nafasi kubwa kidogo ya kupata watoto wa jinsia moja tu. Sababu yenyewe bado wanaitafuta.

"Unasikia, mama? Hakuna mutu alikuficha siri."

Nikaweka ungo chini.

"Donatha, shanga zako, ni mimi niliiba."

Hakuinua hata kichwa. "Najua. Niliziona kwako, nyuma ya gunia ya viazi."

"Uliziona? Sasa kwa nini hukuzidai? We ulikuwa unazihitaji!"

Akavuta ungo wangu kwake. Belise naye akaacha simu.

Wajukuu, wivu ulinifanya nihesabu siku za nyumba isiyo yangu, na zangu nikazipoteza. Ukitamani cha mwenzako, muulize. Usivizie mlango wake.

Donatha akapuliza maganda, akanitazama.

"Nilifikiri umechoka kuzaa, dada, na unasikia haya kuomba. Njo maana nilikuachia."