Siku Baba Mkwe Alipoingia Nyumbani Kwangu

Ofisa wa ubalozi alizitandaza picha zetu za harusi mezani, akawa anamgusa mtu mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu. Huyu nani? Mama mkwe. Na huyu? Wifi yangu. Huyu mwenye tai? Mchungaji. Alikuwa mwanamke wa makamo yangu, mpole, mwenye mafua.

"Na baba wa mume wako? Hakuja?"

"Alikuja."

"Nionyeshe."

Nilitafuta nikampata kwenye picha moja tu. Sisi wengine tumebanana mbele ya hema, meno nje, na yeye yuko nyuma kabisa, kwenye ukingo wa shamba la chai, amegeukia upande kama mtu aliyejikinga mvua ya kwake peke yake. Ofisa aliinama akaitazama vizuri.

"Alikuwa amekasirika?"

"Hapana. Ni heshima."

"Amewahi kuingia nyumbani kwako?"

"Hawezi."

"Anaishi mbali?"

Nilisema kweli. Tunaishi boma moja. Nikisimama mlangoni kwangu naona moshi wa jikoni kwao.

Aliandika kitu, akaandika tena. Nikajua nimejiharibia.

Mume wangu alikwenda ng'ambo kusoma, akabaki kufanya kazi, hatimaye akapata uraia wa huko. Alikuja nyumbani Manga kwa likizo, tukafunga ndoa kanisani, akarudi kazini kabla sijazoea kulala upande mmoja wa kitanda. Tangu hapo alikuwa amekuja mara moja tu. Mimi nilibaki katika nyumba yetu, ndani ya boma la baba yake, nikifundisha shule ya msingi na kungoja ukaazi wa kudumu ambao mke wa raia anaweza kupewa. Bila ukaazi huo ndoa yetu ilikuwa ya kwenye simu. Sasa nikaambiwa ombi limesimama mpaka nilete ushahidi zaidi kwamba familia ya mume inanitambua. Wapo watu wanaooana kwa ajili ya hati tu, na yule mwanamke hakuwa na njia ya kujua kwamba sisi si hao.

Kwetu Wagusii kuna kitu tunakiita chinsoni, haya na heshima kati ya mzazi na mtoto aliyeoa. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe akishaingia mke. Hampi mkono mke huyo, haketi kando yake. Akiwa na neno la kumwambia, hulipitisha kwa mtu mwingine. Na kadiri anavyokaa mbali nawe ndivyo anavyoutangazia ukoo wote kwamba wewe ni mke wa mwanawe. Umbali ule ndio uliokuwa cheti changu cha ndoa pale Manga. Ofisa aliuona vilevile, ila aliusoma kinyume.

Tulipeleka barua ya chifu na barua ya mchungaji. Wakili wa mume wangu akajibu kwamba barua za namna hiyo wanazo nyingi. Wanataka picha za maisha ya nyumbani, na hasa za baba, maana baba ndiye aliyetiliwa shaka.

Nilimpigia mume wangu. Akasema, "Siwezi kumwambia Tata jambo hilo. Nitaanzia wapi?" Tata ndivyo tunavyomwita baba. Kama yeye mwanawe hakuweza, mimi ndiyo kabisa. Basi akaambiwa mama mkwe.

"Wanataka nini hasa, hao?" mama mkwe aliuliza. "Akupakate?" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Halafu akatazama upande wa shamba, mzee alikokuwa anachuma chai, na kicheko kikaisha.

Tulijaribu kwanza njia ya kati. Wifi yangu, fundi cherehani mwenye simu nzuri kuliko zetu sote, alitusimamisha uani, mimi karibu na tangi la maji, mzee karibu na migomba, akasema atatafuta pembe ya kutuonyesha tuko pamoja.

"Tata, sogea kidogo."

"Nimesogea."

"Umesogea kinyumenyume!"

"Hukusema nisogee wapi."

Mama mkwe aliketi chini kwa kucheka. Lakini picha ilipotoka, tulionekana kama watu wawili wasiojuana wanaongoja kituo cha kupimia chai kifunguliwe. Wakili alisema tusithubutu kuipeleka.

Mama mkwe akamfikishia mzee jibu hilo. Sabato ilipofika alirudi kutoka kanisani akiwa na suti yake ya kahawia, ile anayoivaa kwa sababu ni mzee wa kanisa. Nilikuwa ndani. Nikasikia hodi, nikaitikia "karibu" kabla ya kujua ni nani.

Alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi, wifi nyuma yake na simu. Nyumba ile aliijenga yeye, kwa mikono yake, mwanawe akiwa bado shuleni. Tangu siku niliyoingizwa humo kama bibi harusi hakuwahi kuona ndani. Alivuka, akakaa kwenye kiti kilicho karibu zaidi na mlango, akainua macho juu, kwenye dari.

"Mwambie hapa panavuja," alimwambia wifi.

"Tata, si yuko hapa? Anakusikia."

"Mwambie."

"Anasema hapo panavuja."

"Mwambie najua," nikasema. "Huwa naweka beseni."

Wifi aliniashiria nikae. Nikavuta kiti, nikakaa. Akaashiria tena: karibu zaidi. Mkono wa blauzi yangu uligusa mkono wa koti lake, na nikahisi mwili wake ukikakamaa kama wa mtu anayechomwa sindano. Aliweka viganja juu ya magoti.

"Wanataka nicheke?" aliuliza.

"Tabasamu tu, Tata."

Alijitahidi. Picha ikapigwa. Niliinuka kumimina chai, na nilipogeuka na kikombe kiti kilikuwa kitupu, yeye yuko nje anavaa kofia.

Nilichapisha picha ile mjini Kisii, nikaitia kwenye bahasha na kuizungushia utepe wa gundi isije ikalowa njiani.

Pale kwetu, familia yenye kijana anayeoa ilikuwa ikimwita mzee huyu amkalishe kijana na kumweleza mipaka: wapi baba yake hatafika tena, maneno gani hayatasemwa mbele ya nani. Walimwamini kwa kazi hiyo. Siku chache baada ya picha walikuja wanaume wawili wa ukoo kumwomba tena. Nilikuwa barazani nachambua mboga, nikasikia kila kitu.

"Mtafuteni mwingine," alisema. "Nitamwambia nini kijana wa watu?"

"Mzee, ile ni picha tu."

"Nani aliwaambia kuna picha?"

Waliaga, wakateremka na kijia chao. Tangu siku hiyo sikumwona tena akiitwa popote.

Nilirudi ubalozini. Safari hii alikuwa ofisa mwingine, mwanamume mwenye haraka. Aliniuliza mume wangu anafanya kazi gani, akaniuliza tuligombana mara ya mwisho kuhusu nini. Nikamweleza, na akatabasamu. Akasema ombi langu limekubaliwa.

"Nimeleta picha pia," nikasema, nikiisukuma bahasha.

"Haihitajiki," akasema, akairudisha kwangu, akamwita aliyefuata.

Nililia barabarani kwa furaha. Nilimpigia mume wangu, akapiga kelele hata nikausogeza mkono wenye simu mbali na sikio. Kisha nikawa natembea, na bahasha iko kwenye mkoba, ngumu kama kipande cha mbao.

Mama mkwe alinipokea langoni. Nilimweleza yote, hata kwamba picha haikutazamwa. Aliminya mkono wangu.

Mzee alitoka kwenye chai, akaja mpaka katikati ya ua. Akanitazama. "Waliiona?"

Aliniuliza mimi. Hakumtuma mtu. Nilifungua mdomo, lakini mama mkwe akawahi.

"Waliiona. Ndiyo iliyompitisha."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi, ifuteni."

Wifi akaitoa simu, akaifuta picha mbele yake. Mzee alivaa miwani, akainama kuhakikisha.

"Na ile ya karatasi?"

"Imebaki hukohuko kwao," alisema mama mkwe.

Nilikuwa nimekumbatia mkoba. Ningeitoa nikaitupa kwenye moto wa jikoni akiona, lakini utepe wa bahasha ulikuwa haujakatwa, na angejua kwamba hawakuifungua.

Alivua miwani. "Safari njema," akaniambia, usoni kabisa, bila kupitia kwa mtu, kama anavyowaambia wageni wa kanisani. Akarudi kuchuma.