Bi Salio na Saa ya Mguuni

Jina la Bi Salio halikutoka kwa wazazi wake wala kwa marehemu mumewe. Lilizaliwa mlangoni pa chumba anachoshonea nguo, mahali ambapo majirani hupita asubuhi na kumjulia hali. Binti yake alikuwa amemletea saa ya mkononi, ile inayohesabu hatua na kuonyesha kiasi cha kalori ambacho mtu amebakiza kula kwa siku. Tangu hapo, kila aliyemkaribisha kipande cha mkate alimwona akigeuza kifundo cha mkono, akisoma, kisha akisema kwa huzuni, "Sina salio." Wifi yake, anayekata vitambaa kwenye meza ya pili, alicheka mpaka mkasi ukamponyoka. Jina likamganda.

Saa ile haikuwa pambo. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha, na daktari alimweleza waziwazi kwamba hatalipasua kabla mgonjwa hajapunguza kilo sita. Alimpa miezi mitatu. Wakati huo tayari alikuwa akikanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto peke yake, na sare za shule zilikuwa zimerundikana mpaka usawa wa dirisha. Mguu huo nao ukichoka, asingebaki na wa kufanyia kazi.

Alianza kwa uaminifu mkubwa. Alipima wali kwa kikombe, akaandika kila ndizi. Lakini saa haikumtendea haki. Siku moja mwishoni mwa mwezi wa kwanza alikanyaga tangu asubuhi, jasho likamlowesha mgongo, na ilipofika adhuhuri ikatetemeka na kumwandikia: Umekaa muda mrefu. Simama, utembee kidogo.

"Wifi, njoo usome mwenyewe," alisema. "Nimeshona sketi kumi na moja, inaniambia nimekaa."

"Si umekaa kweli?"

"Nimekaa, lakini mguu unakimbia."

"Basi uvalishe mguu," wifi alijibu, bila kuinua macho kutoka kwenye chaki yake.

Wifi alikuwa akitania. Bi Salio alichukua neno hilo kama lilivyo. Kwa kuwa ukanda wa saa, uliokuwa wa kitambaa kigumu, haukufika kuzunguka kifundo cha mguu, alishonea kipande cha lastiki kwenye ncha zake mbili, mshono maradufu, kazi safi kabisa. Jioni ya siku ya kwanza saa ilimhesabia hatua elfu kumi na tisa, na bajeti yake ya kalori, ambayo kwa kawaida ilikuwa elfu moja na mia tano, ikapanda hadi elfu mbili na mia tatu. Ndivyo ilivyopangwa: ukitembea zaidi, unaruhusiwa kula zaidi. Machozi yalimlengalenga. Hatimaye kulikuwa na kitu kilichoiona kazi yake.

Kwa wiki tisa zilizobaki hakuvuka bajeti hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma baadaye. Mkate wa pili aliula kwa ruhusa. Yai la pili vilevile, na maharage ya kuongeza, yote yameandikwa. Siku ya miadi alipanda mizani ya kliniki akiwa amevua viatu, kitambaa cha kichwa na hata bangili.

Alikuwa amepungua nusu kilo.

Nesi aliitazama kadi, halafu akamtazama miguuni.

"Mama, hiyo saa mbona iko huko?"

Alieleza. Nesi alijitahidi asicheke, akashindwa kidogo.

"Inadhani unatembea, mama. Ukitembea unaubeba mwili wote. Kwenye cherehani unachezesha mguu tu, mwili unabebwa na kiti."

"Kwa hiyo mimi sifanyi kazi?"

"Unafanya. Ila si kazi ya mkate wa pili."

"Mkononi inaniona mvivu, mguuni inaniona mwanariadha," Bi Salio alisema polepole. "Sasa mimi ni yupi?"

Nesi aliinama kwenye saa. Alimwonyesha namna ya kuzima lile ongezeko, ili bajeti ibaki palepale hata akizunguka mji mzima, kisha akamwandikia tarehe nyingine.

Alirudi amenuna. Wifi alimsogezea chai na kipande cha mkate.

"Wamekupa siku ya upasuaji?"

"Wamenipa miezi mitatu mingine ya kukanyaga kwa mguu mmoja."

"Na saa je, tuitupe?"

"Ya nini? Nilizungusha futi ya kupimia gotini, nikataka sketi inikae kiunoni. Mkate huo urudishe. Chai naandika."

Aliketi, akachukua wembe, akafumua mshono mmoja baada ya mwingine mpaka lastiki ikambakia kiganjani. Saa akairudisha mkononi. Kile kipande cha lastiki kilikuwa bado kizima, na kilitosha mkono mmoja uliobaki wa blauzi ya mtoto iliyokuwa ikisubiri mezani. Akakipitisha kwenye upindo, akaanza kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Saa ikatetemeka: Simama, utembee kidogo.

Hakuitazama. Alimaliza upindo, akakata uzi kwa meno, akaiweka blauzi juu ya zilizokwisha.