Siku Walipokataa Kuivuta Mashua ya Baba

Harufu iliyonilea ni ya sifa, yale mafuta ya samaki yanayoachwa kwenye pipa juani mpaka yawe meusi, ambayo mafundi wa kwetu huyapaka kwenye mbao za chombo ili bahari isizile. Mgeni akishuka pwani yetu huziba pua. Mimi mpaka leo nikipita karibu na chombo kipya kilichopakwa sifa nahisi njaa, kwa sababu harufu hiyo ilimaanisha kwamba Baba ana kazi na nyumbani utapikwa wali. Baba alikuwa fundi wa kuunda vyombo. Watu wa Kilindoni walimwagiza, wa Kilwa walimwagiza, na mashua zake zilisifiwa hata na waliomchukia. Lakini harufu ya mwaka ule ninaotaka kuusimulia, nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, ilikuwa tofauti kidogo, maana mara hii chombo hakikuwa cha mteja. Kilikuwa chetu.

Kisiwa chenyewe sitakitaja. Waliofanya haya wengi wangali hai, na wajukuu zao huniletea nguo za kushona. Itoshe kusema kiko upande wa Jibondo, kusini mwa Mafia, na, kama Jibondo, ni jiwe tupu la matumbawe. Udongo wake ni haba kiasi kwamba mhogo ukipandwa unatoka umepinda kama kidole cha mzee. Minazi, mikorosho na maji matamu viko kisiwa kikubwa. Sisi tulikuwa na bahari tu. Wanaume walivua, wanawake walilima mwani na kusaka pweza maji yakitoka, na mafundi wachache waliunda vyombo. Maji ya kunywa yaliletwa kwa chombo ndani ya madumu, kila nyumba na dumu lake lenye alama ya rangi. Kwenye ramani ya serikali tulikuwa kijiji cha Wilaya ya Mafia, Mkoa wa Pwani. Wilaya ilikuwa Kilindoni, mkoa ulikuwa Kibaha, ng'ambo ya maji, na wakubwa wa huko tuliwaona wakati wa kampeni, wakirukia mchangani huku wameshika viatu mkononi. Serikali iliyotutawala hasa ilikuwa ni sisi kwa sisi. Haikuwa na polisi wala mahabusu, na haikuvihitaji. Katika kisiwa ambacho mtu hawezi kunywa, kuoza binti wala kuzikwa bila majirani kuja, adhabu ilikuwa moja tu: watu hawaji.

Baba aliiunda mashua yake kidogo kidogo, baina ya kazi za watu, kwa muda mrefu sana. Mbao alizipata hapa na pale. Misumari ndiyo ilimshinda, mpaka Mama alipovua herini zake za dhahabu, alizopewa na bibi yangu siku ya harusi, akampa aende kuziuza Kilindoni. Nakumbuka alivyokuwa akizishika ndewe za masikio mara kwa mara baada ya hapo, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau. Mashua ile ndiyo ingekuwa mapato yao ya uzeeni. Baba alikuwa ameanza kukohoa na mikono kumtetemeka kwenye tezo, na alijua hataweza kuchonga mbao maisha yake yote. Chombo kikishaingia majini kingebeba maji, kingebeba samaki wakavu, na yeye angekaa kwenye usukani akalipwa nauli. Hilo ndilo lililokuwa tumaini letu, na hatukuwa na jingine.

Kazi ikiwa imebaki kalafati tu, ile ya kujaza pamba kwenye nyufa, wakaja wataalamu kutoka wilayani kuitisha mkutano wa kijiji. Walitaka mwamba mmoja ulio karibu nasi upumzishwe, usivuliwe kwa muda, samaki wazaliane. Wanaume walikuwa wamekwisha kukutana barazani na kukubaliana kwamba jibu ni hapana, tena hapana ya wote. Baba aliambiwa. Alinyamaza, na wao wakachukulia kunyamaza kwake ni kukubali. Mwenyekiti alipouliza nani anaunga mkono, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kumwona yeyote, Baba akasimama. "Mie naunda vyombo," alisema. "Samaki wakiisha, nani ataniagiza chombo? Mwamba naupumzike." Akakaa. Nilikuwa nachungulia dirishani na wenzangu, na niliona watu wakigeuka kumtazama, halafu wakageuza nyuso tena, wote, hata mdogo wake wa tumbo moja, baba mdogo Bakari. Mwamba ulifungwa miezi michache baadaye. Ungefungwa tu, Baba asimame asisimame, lakini nani atamgombeza mtaalamu aliyekwisha kupanda boti akaenda zake? Aliyebaki kisiwani alikuwa Baba.

Hakuna aliyetangaza kwamba tumetengwa. Ilianza na dumu letu. Chombo cha maji kilirudi, madumu ya watu yakashushwa yamejaa, la kwetu likashushwa tupu. "Tumelisahau, Mama Zuhura," alisema nahodha, akimwita Mama kwa jina langu kama kawaida, bila hata kujisumbua kuona haya. Safari iliyofuata wakalisahau tena, na Baba akawa anakwenda mwenyewe kwa ngalawa hadi Kiegeani, kisiwa kikubwa, kutafuta maji, huku akikohoa. Vitumbua vya Mama vilikosa mnunuzi. Tukavila wenyewe asubuhi na jioni mpaka nikavichukia. Salamu zetu ziliangukia mchangani. Mimi nilifundishwa tangu sijaota meno kumwamkia kila mkubwa, na nikaendelea kusema shikamoo kwa watu waliopita kama wanaopita mti. Watoto walikuwa wabaya kuliko wakubwa, maana hawakuwa na subira ya kunyamaza. Walikuwa na mchezo wa kukimbia kila nilipokaribia, wakipiga kelele kwamba nina ukoma, na aliyekuwa anaongoza kukimbia ni binti ya baba mdogo Bakari, niliyekuwa nikilala naye mkeka mmoja. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Sijui kama nimeacha.

Kwetu kushua chombo, yaani kukivuta mpaka kiingie majini, si kazi ya mtu wala ya nyumba moja. Mwenye chombo hupika, kisiwa kizima huja, hutanguliza magogo chini ya mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, hufunga kamba, na mwimbishaji hupanda mbele kuimba ili watu wavute kwa pamoja. Hufanywa siku za bamvua, maji yanapopanda juu kabisa. Siku hizo zikipita inabidi kungoja bamvua nyingine. Kumwita mtu kuvuta si lazima. Anayesikia harufu ya pilau anajua. Basi Mama alipika. Sijui alipata wapi moyo wa kupika sufuria zile zote, na mchele ule wa mwisho, na mbuzi tuliyekuwa naye mmoja tu. Maji yakaanza kupanda, na watu wakaja kweli. Walikuja, wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wa bohari la mwani, wanaume huku na wanawake kule, na wakatazama.

Tuliovuta tulikuwa Baba, Mama, mimi, mdogo wangu, na mwalimu mmoja kijana kutoka Iringa aliyekuwa amehamishiwa shule yetu na ambaye hakuwa na habari ya mambo yetu, au alikuwa nayo na hakuijali. Alivua viatu, akakunja suruali, akashika kamba vibaya kama mtu anayevuta ng'ombe. Baba akaimba mwenyewe. Hakuwa mwimbaji, mwimbishaji wa kisiwa alikuwa baba mdogo Bakari, na Bakari alikuwa amekaa pale ukutani anachokoa meno. Sauti ya Baba ilikuwa ndogo na ilikatikakatika kwa kikohozi, na hapakuwa na wa kumwitikia isipokuwa sisi. Mashua haikusogea hata kidogo. Nyuma yetu mtu alicheka, kisha wakacheka wengi. Maji yalifika kwenye mkuku, yakaugusa, yakakaa kidogo, yakaanza kurudi, na Baba aliendelea kuvuta wakati mchanga umekwisha kukauka, mpaka Mama alipomfungua vidole kwenye kamba kimoja kimoja.

Jioni ile ile Mama alijaza pilau kwenye sinia, akalifunika kawa, akanichukua, tukaenda nyumba kwa nyumba. Alisema chakula kilichopikwa kwa ajili ya watu ni cha watu. Wengi wa watu wale hawakuwa na kitu jikoni. Mwamba ulikuwa umefungwa na samaki walikuwa shida, nami niliona watoto wao wakitazama sinia na kumeza mate. Kila mlango alijibiwa kwa adabu kubwa. "Ahsante shemeji, tumeshiba." "Ahsante dada, tumeshiba." Mke wa baba mdogo Bakari alikuwa na mtoto mgongoni anayelia kwa njaa waziwazi, na yeye pia alisema wameshiba. Tulirudi na sinia kama lilivyotoka. Sijawahi kuona ukatili mkubwa kuliko ule wa watu wenye njaa kukataa chakula ili wamuumize aliyekipika, na nimeona mengi tangu hapo.

Jua la kaskazi likaanza kuitafuna mashua. Chombo kikikaa nchi kavu mbao hunywea, nyufa hufunguka na kalafati hutoka. Kikiachwa zaidi hupasuka, na hapo ni kuni. Kutwa tulichota maji ya bahari kwa ndoo na kuimwagia ubavuni, kama tunamuuguza mgonjwa. Baba alikwenda visiwa vya jirani kuomba watu wa kuvuta. Walimkirimu, wakamlisha, wakamwambia hawawezi kwenda kushua chombo kwenye pwani ya watu wakati wenyewe wamekaa, ni matusi. Bamvua ya pili ikapita. Ndipo mwenyekiti akamtuma baba mdogo Bakari aje barazani kwetu, mara yake ya kwanza baada ya miezi. Alisimama nje, hakuvua viatu. "Kaka, wanataka useme tu," alisema. "Useme wale wageni walikuhonga. Ukishasema, yamekwisha." Baba akamuuliza, "Nawe wajua sikuhongwa?" Bakari akajibu, "Najua. Wote twajua." Na akaondoka.

Mkutano uliitishwa baada ya sala ya Ijumaa. Baba alisimama mbele ya watu wote, amevaa kanzu yake ya Idi, akasema alihongwa na wale wageni, anaomba radhi. Nilidhani itaishia hapo. Lakini mwenyekiti, ambaye alikuwa anaifurahia siku yake, akauliza, "Walikupa nini?" Baba hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Hakuwa na mazoea ya kusema uongo, na aliangaza huku na huku kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nadhani akilini mwake mlikuwa na mashua tu. "Misumari," alisema. "Walinipa misumari." Watu wakaangua kicheko. Mimi nilimtazama Mama, aliyekuwa amekaa upande wa wanawake. Aliinua mkono taratibu akashika sikio, akavuta mtandio kulifunika.

Bamvua ya tatu walikuja wote. Walivuta kwa furaha ambayo sijawahi kuiona, wakila, wakipigana vikumbo, wakinibana mashavu na kuniita mwanetu. Baba mdogo Bakari alipanda mbele, akatupa mkono juu, akaimba wimbo aliokuwa ameutunga mwenyewe. "Fundi kala nini?" "Kala misumari!" "Imemkaa wapi?" "Imemkaa kooni!" "Vuta, imtoke!" Na kwa kila mvuto mashua ilisogea. Baba alikuwa ameshika kamba katikati ya watu, na kwa kuwa asiyeitikia hawezi kuvuta pamoja na wenzake, aliitikia. Nilimsikia. Chombo kikaingia majini, kikavuja kidogo, kikanywa, kikatulia. Kesho yake Bakari alipita barazani akasema, "Shikamoo kaka," na Baba akajibu marahaba, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mashua ilitulisha mpaka mwisho, siwezi kusema uongo. Ilibeba maji ya kisiwa kizima, madumu ya kila mtu yakiwa yamejaa. Ila Baba hakuunda tena chombo, hakumfundisha mtu, na hakukanyaga mkutano wowote mpaka alipokufa. Alipokufa walikuja wote kumzika.

Siku hizi kisiwa kimebadilika. Kuna simu kila mkononi, na anayetakiwa kutengwa huanza kutolewa kwenye kundi la simu, halafu ndipo dumu lake linasahauliwa. Mwamba ule sasa unapumzishwa kwa zamu, kwa uamuzi wa wanakijiji wenyewe. Viongozi huwaeleza wageni jinsi wazee wetu walivyokuwa na busara ya kuhifadhi bahari kabla ya mtu yeyote kuwafundisha, na wageni huandika. Nimesimama hapo nikasikia kwa masikio yangu. Nilitaka kucheka, nikaona nitalia, nikaenda zangu kununua pweza.

Mwaka jana nilikwenda kwenye kushua mashua ya mtoto wa baba mdogo Bakari, maana undugu hauna pa kuutupa. Nikapewa nafasi kwenye kamba. Mwimbishaji alikuwa kijana asiyemjua Baba hata kwa sura, na alipotupa mkono juu nilijua ni wimbo gani kabla hajafungua mdomo. Hakuna mwingine unaovutia chombo vizuri kama ule, na watoto wa kisiwa huujua kabla ya kujua kuogelea. Mwenye mashua alikuwa amesimama na wanawe, macho yote kwenye maji, na maji yalikuwa yameanza kurudi. Mbele yangu kulikuwa na kitoto cha kike, mjukuu wa Bakari, kimeshika kamba kwa mikono miwili. Kikageuka kuniuliza, "Shangazi, kweli mtu aweza kula misumari?"

"Akiwa na watoto, aweza," nikamwambia. Kikacheka sana, kikidhani nafanya mzaha, na sote tukavuta.