Shuka Mbili za Kuhamia Chuo

Niliondoka Nachingwea kwa sababu mikorosho ya baba ilikuwa imepata ugonjwa. Chuo kidogo cha ufundi nilichokuwa nasoma kilitaka kila mzazi achangie chakula, na baba alikuwa amebakiwa na mbuzi tu wa kuuza. Mwalimu wangu wa kuchora ramani akaniombea uhamisho kwenda chuo cha Dar es Salaam, ambako serikali ilibeba kila kitu: masomo, chakula, kitanda, madaftari, hata posho ya sabuni. Sharti lilikuwa moja. Niripoti Jumatatu nikiwa na shuka mbili, maana chuo kilikuwa na magodoro lakini hakikuwa na cha kutandika. Asiye nazo, nafasi yake angepewa mwingine. Na Nachingwea nzima hapakuwa na shuka dukani.

"Nenda kwa shangazi yako Kariakoo," baba akasema. "Mjini hakukosekani kitu."

Njiani niliulizauliza kila kitu, kwani ndivyo nilivyo. Rufiji tulisubiri pantoni hadi jua likawa utosini. Tulipopanda nikamuuliza nahodha anajuaje penye fungu la mchanga chini ya maji. Akanitazama, akasema, "Nikikwama ndiyo najua." Sikumwuliza tena.

Ijumaa alasiri basi lilitushusha Kariakoo. Kilichonisimamisha kwanza ni paa la soko jipya, miamvuli mikubwa ya zege iliyopangwa juu ya nguzo zake. Nikazunguka nguzo moja kutafuta maji ya mvua yanateremkia wapi, mpaka muuza machungwa akaniambia, "Ndugu, kama hununui, niachie kivuli changu."

Shangazi Mwanahawa, dada yake baba, alikuwa amepanga chumba mtaa wa nyuma, upande wa Gerezani, na alikuwa akiuza vitumbua barazani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda, au ndiyo urefu huo?"

Nilipomweleza habari ya shuka akatabasamu. "Una bahati. Kesho duka la ushirika linauza, jozi moja kwa kila mtu. Mimi nafasi nimeshawahi. Mwaka wa pili huu natandika kanga, nimechoka. Wewe damka mapema ujaribu."

Kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani sikuuliza swali: amewahije nafasi, naye yuko hapa anakaanga vitumbua?

Jumamosi alfajiri nilikuwa mlangoni pa duka la ushirika. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mawe tu, na vipande vya matofali, kopo la rangi lililojaa mchanga na ndala ya mguu mmoja, yametapakaa kutoka mlangoni hadi kwenye kona. Nikauonea aibu mji mkubwa kama ule. Nachingwea tulikuwa tukianza siku kwa usafi, basi nikakunja mikono ya shati, nikayaokota yote na kuyapanga ukutani, makubwa chini, madogo juu. Kisha nikasimama mlangoni, wa kwanza, nimefurahi.

Wa pili kufika alikuwa Bwana Kanti, Mhindi fundi saa wa duka la jirani. Akautazama ukuta, akanitazama mimi.

"Nani amepanga hii?"

"Mimi, mzee. Nimesafisha."

"Umefagia watu, ndugu yangu," akasema taratibu. "Kila mtu aliweka chake jana, akaenda kwenye shughuli zake. Lile kopo pale ni mimi."

Watu walianza kuja, kila mmoja akiliona jiwe lake ukutani na asijue lilikuwa la ngapi. Sauti zikapanda. Mmoja akataka nipelekwe kwa balozi wa nyumba kumi. Ndipo shangazi alipofika, unga ukiwa bado viganjani.

"Huyu mtoto wa kaka yangu, kaingia jana," akasema. "Tukigombana watafunga mlango, tukose wote. Kila mtu aseme alimkuta nani mbele yake."

Wakasema. Bwana Kanti alimkuta mama wa ndizi, mama wa ndizi alimkuta shangazi, na mimi nikawa nayarudisha mawe moja moja kama ninavyoelekezwa. Hakuna aliyethubutu kudanganya, kwani anayetajwa alikuwa papo hapo anasikia. Kabla duka halijafunguliwa foleni ilikuwa imerudi. Mimi nikapelekwa mwisho kabisa.

Shuka ziliisha nikiwa bado niko mbali na mlango. Nilitamani kulia, mtu mzima. Shangazi akatoka na jozi yake, akanisukumia kifuani.

"Na wewe je, shangazi?"

"Mimi kanga zipo. Chuo chako hakitaki kanga."

Jumatatu nilipokelewa. Nilipewa godoro, madaftari, na sahani ya wali na maharage ambayo baba hakuuza mbuzi kuilipia. Kila nikitandika zile shuka nilimkumbuka shangazi, na nilikuwa naona haya.

Likizo fupi ilipofika nilirudi Kariakoo, nikaambiwa shuka zimekuja tena. Alfajiri tukaenda pamoja. Mawe yalikuwa kwenye mstari wake. La shangazi, kipande cha jiwe la kusagia, nililijua. Nyuma yake palikuwa na jiwe jeupe nisilolijua, na safari hii niliuliza.

"La kwako," akasema. "Kila nikiweka langu naweka na lako. Mara zote shuka zinakwisha kabla yetu. Bwana Kanti analiita jiwe la mwanachuo, hakuna anayeligusa."

Chuoni nilikuwa nimejifunza kupima kiwanja. Mtaani pale nilijifunza kuuliza kabla sijashika cha watu, na kwamba mtu anaweza kushikiwa nafasi mahali ambapo hayupo, hata na wale aliowaudhi.

Safari hii shuka zilitufikia. Nilipopewa jozi yangu nikaiweka juu ya ile ya kwake, mikononi mwake. Akaifungua, akainusa, akaikunja tena bila haraka.

"Haya, rudi chuoni," akasema. "Jiwe lako naliacha palepale."