Rhoda Aliyerudisha Kitambaa Mwenyewe

Mpaka sasa akili yangu inakataa. Leo asubuhi nimeshika simu nimpigie Rhoda, nimuulize kama mvua imefika kwake mtaani Jericho, ndipo nikakumbuka tulimzika Jumamosi.

Wengi wenu humu kwenye group mlimjua kama nyanya wa Rehema. Mimi nilimjua akiwa Mama Esther, tukishona mashati kiwandani Industrial Area miaka ya sabini, tulipokuwa bado na viuno.

Aliimba vibaya, Mungu anisamehe kumsema marehemu. Aliimba juu ya kelele za mashine zote, na wimbo haukukaa sawa hata siku moja.

Mumewe, mtu wa reli, alifariki Esther akiwa mdogo. Rhoda akabaki na vitu viwili vya kujivunia: Esther, na kile kitambaa cheupe cha kichwani cha akina mama wa kanisa. Ukikivaa enzi hizo, hata mwenye duka alikusalimia kwa heshima.

Halafu Esther akapata mimba akiwa Form Three.

Desturi ya kanisa letu wakati huo haikuwa na huruma. Binti akizalia nyumbani, mama yake alivuliwa kitambaa mbele ya wenzake, akahamia benchi la nyuma. Lakini kulikuwa na njia ya uchochoroni na kila mtu aliijua. Msichana anapelekwa ushago, kule kijijini, kimya kimya, anajifungua huko, mtoto anaachiwa wazee wa huko, na mama wa msichana anaendelea kuketi mbele kana kwamba hakuna kitu.

Mwenyekiti wa akina mama alikuja nyumbani kwa Rhoda na ushauri huo. Nilikuwepo, nachagua mchele. Rhoda alimsikiliza hadi mwisho, akamwongezea chai.

"Hata Mariamu mama wa Yesu majirani walimhesabia miezi," akamwambia. "Mtoto atazaliwa hapa hapa."

Jumapili iliyofuata hakungoja kuvuliwa. Alikifua kitambaa, akakipiga pasi, akakipeleka kanisani mwenyewe. Nikamwambia, "Mama Esther, si wewe ulikililia hicho kitambaa miaka na miaka?"

"Kitapata kichwa kingine," akasema. "Esther hana mama mwingine."

Msidhani hakuumia. Nilimkuta chooni kiwandani akilia, amejiziba mdomo na kipande cha shati. Alilia hivyo wiki nyingi. Akimaliza ananawa uso, anarudi kwa mashine.

Rehema akazaliwa, na Rhoda akaapa Esther atarudi shule. Akaomba ahamishiwe shift ya mchana, ile sisi sote tulikuwa tunaikimbia, ili asubuhi ashinde na mtoto. Mimi nilikuwa shift ya asubuhi. Basi saa nane kengele ikilia, mimi natoka, yeye anaingia, na hapo getini tunapeana mtoto, chupa ya maziwa na leso ya kubebea. Naenda naye hadi Esther atoke shule.

Supervisor alifoka, "Hii ni factory, si nursery!" Baada ya muda ni yeye aliyekuwa akiuliza kama mtoto amekula.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mimi Mungu hakunijalia mtoto. Mume aliondoka kwa sababu hiyo. Mtaani, ambako kila mwanamke aliitwa mama fulani, mimi niliitwa Phoebe tu, hata na watoto wadogo.

Siku moja pale getini Rhoda alinikabidhi mtoto akasema kwa sauti, watu wote wakisikia, "Mama Rehema, shika mtoto wako, nachelewa."

Niligeuka kuona anamwita nani. Hakuniita Phoebe tena maisha yake yote. Nyinyi mnaoniita Mama Rehema humu, jina hilo nilipewa na Rhoda, na hakuna zawadi niliyopata duniani inayolishinda.

Esther alimaliza shule, akawa nesi. Siku alipovaa uniform mara ya kwanza, Rhoda alimzunguka kama fundi, akasema kola imekaa upande. Kisha akaketi kitandani, akamshukuru Mungu kwa wimbo. Tukavumilia.

Miaka ya themanini akaja mchungaji mpya, akaifuta ile desturi. Akina mama walimletea Rhoda kitambaa hadi mlangoni. Alikipokea kwa mikono miwili, bila neno la kumchoma mtu.

Jumapili akakivaa. Tukasogea kumpa nafasi mbele. Akatupita, akarudi zake nyuma.

Nilimuuliza baada ya ibada, nikiwa nimekasirika kidogo. Akanijibu, "Wasichana wenye watoto wanaketi wapi, si huku? Nani atawashikia wapate kuomba?"

Aliwashikia tangu siku hiyo. Wengine wenu mnaosoma hapa mlibebwa na Rhoda, na mlimtapikia kile kitambaa.

Siku zake za mwisho hospitalini, Esther alikuwa upande mmoja wa kitanda, Rehema upande wa pili, wote wakimwita Mama. Alinivuta karibu. "Mungu amenilipa, Mama Rehema," akasema. "Amelipa na kuzidisha."

Jana kanisani niliketi mbele kama kawaida. Sikuweza kukaa hapo. Niliinuka katikati ya wimbo, magoti yakinilalamikia, nikaenda nyuma kwenye benchi tupu.

Msichana mmoja akaingia amechelewa, mtoto analia, yeye mwenyewe anaangalia sakafu. Nikamnyooshea mikono. Akasita, kisha akanipa.

Mtoto alikuwa mzito, Rhoda, na mikono yangu imezeeka. Lakini nilimshika hadi mwisho wa ibada, na mama yake akaomba.

Lala kwa amani, Mama Esther. Watoto tumewashika.