Mashua Iliyonyolewa Mara Tatu

Mume wangu alikuwa kinyozi kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akitunza siri. Duka lake lilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, na benchi walilokalia hata watu wasio na nywele za kukata. Aliyesema saa tatu asubuhi kwamba binti yake kachumbiwa, kufikia saa sita mtaa mzima ulikuwa umeshampa hongera. Walimwita Kitana, kwa ajili ya kile kitana kilichochungulia mfukoni mwa shati lake hata siku za maziko.

Jambo moja tu hakulisema kamwe, nalo ni kasoro ya mteja. Mtu akija amejikata mwenyewe, kisogo kama kimeliwa na panya, Kitana alimfunga kitambaa shingoni, akamuuliza habari za nyumbani, akakata kufuatana na kichwa kilivyo. "Kichwa ni cha mteja," alikuwa akiniambia. "Changu mimi ni mkasi."

Mimi nilikuwa mshonaji katika chumba cha kufulia cha hospitali. Nilishona mapazia, magauni ya wagonjwa, na mashuka, mashuka, mashuka. Sheria ilikuwa moja: shuka likitandikwa lilale, maana mkunjo unamchubua mgonjwa mgongo. Likikataa kulala, unalifumua. Nimefumua kazi za wenzangu mpaka wakawa wakisikia viatu vyangu wanaficha sindano. Sijutii.

Mwaka wangu wa mwisho kazini vidole vilianza kujifunga kila baridi ilipoingia. Naamka mikono yote miwili ni ngumi, kama mtu aliyelala akigombana. Daktari hakuzunguka. Akasema baridi ya kwetu ni ya miezi mitano, na nikiipitisha moja zaidi, huenda vidole visifunguke tena. Binti yetu anafundisha shule kwenye kisiwa ambako baridi haifiki. Akapiga simu: chumba kipo, pandeni ndege, mnasubiri nini?

Lakini tulikuwa na mashua. Ni ndogo, ya tanga moja, ina vitanda viwili vyembamba na jiko la gesi, Kitana aliirithi kwa mjomba wake. Kila Jumapili kwa miaka ishirini tuliizungusha ghubani, yeye kwenye usukani, mimi na kamba mkono mmoja na chupa ya chai mkono wa pili. Tulishakubaliana zamani kwamba tukistaafu tutafuata pwani, bandari kwa bandari, tukisafiri mchana na kulala usiku, hadi tufike kwenye joto. Hesabu yetu ilikuwa wiki sita. Tukiondoka mapema, baridi ingekuta nyumba tupu.

Tanga lilikuwa kuukuu, kwa hiyo nikaliombea nafasi chumba cha kufulia, nikalitandaza sakafuni. Halikulala. Nikilikandamiza huku, linavimba kule. Nikajiambia limelegea kwa uzee, kama shati la mtu aliyekonda. Nikaipunguza mishono yote minne ya katikati, nikashona mara mbili, mpaka likalala kama shuka la chumba cha upasuaji. Wiki tatu, vidole vikiniuma mpaka kwenye viwiko. Nilipolikabidhi nikamwambia mume wangu, "Hii ndiyo kazi yangu ya mwisho. Angalau ni nzuri." Akalipapasa, akasema hajapata kuona mishono iliyonyooka namna ile.

Siku za kwanza nilikuwa na furaha ya mtoto aliyeruhusiwa kutokwenda shule. Shida ni kwamba tulipitwa na kila kitu. Tulipitwa hata na mashua ya mume na mke wazee kuliko sisi, wakatupungia wakiwa wanakula. Siku ya pili Kitana alilitazama tanga kwa muda mrefu, akakuna kidevu, kisha akasema, "Mashua imeota ndevu." Maana yake majani na chaza wameshika chini na wanatuvuta. Bandari ya kwanza baada ya hapo akavua nguo, akabaki na kaptula, akaingia majini na kikwangulio. Alitoka midomo myeusi, anatetemeka. "Sasa itakimbia," akasema.

Haikukimbia. Bandari ya pili akainyoa tena. Bandari ya tatu akainyoa tena, na maji yalikuwa yamezidi ubaridi. Nikamwambia, "Mzee, wewe mwenyewe hukunyolewa hivyo hata siku ya harusi yetu."

Wiki ya sita ilitukuta nusu ya njia, na baridi ikatukuta hapo hapo. Asubuhi moja sikuweza kushika kikombe. Kitana alinifunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja kuanzia chini, akininyooshea kola kama anavyomnyooshea mteja. Kamba za tanga alizishika peke yake. Mchana jua likitoka vidole vililegea kidogo, lakini kila siku vilichelewa zaidi kufunguka. Niliogopa. Nilijiona nikifika kisiwani na ngumi mbili, nikilishwa na mwanangu kwa kijiko.

Wiki hiyo pembe ya tanga ikachanika, tukaingia bandari ndogo kutafuta fundi. Fundi matanga alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, banda lake lina sakafu ya mbao iliyosuguliwa ikang'aa. Akalitandaza tanga letu, akalizunguka. Akalizunguka tena.

"Nani kashona hapa katikati?"

"Mimi," nikasema, kifua mbele.

"Dada yangu, mishono kama hii sijawahi kuiona. Lakini umeshona shuka."

Sikumwelewa. Akachukua kipande cha karatasi, akakikata ukingo ukapinda kama upinde, akakibandika kwenye kingine, vikavimba kama kiganja kinachokinga maji. "Tanga lazima liwe na tumbo," akasema. "Bila tumbo, upepo unateleza tu, unapita. Nani kakwambia ulitoe?"

Miaka ishirini nilidhani tumbo la tanga linaletwa na upepo. Kumbe linakatwa na fundi, na mimi nimeliondoa kwa mikono yangu. Kitana alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Toka siku ya pili."

"Na ndevu za mashua?"

"Hazikuwepo. Labda mbili, tatu."

Sitadanganya kwamba nilicheka. Nilipandisha sauti mpaka fundi akatoka nje kujifanya anaangalia mawingu. "Vidole vyangu vinajifunga, wewe unanyoa mbao! Si ungesema? Siku ya pili nilikuwa bado naweza kushika sindano!"

"Ulisema ni kazi yako ya mwisho," akasema. "Nikaona nikikwambia imeharibika, nitakuwa nimekukata mikono mwenyewe. Nikadhani tutawahi hivyo hivyo." Machozi yalikuwa yanamtoka, anayafuta kwa kiganja. "Nisamehe, mama. Nimekosea vibaya."

Alikuwa amekosea kweli, na nikamwambia hivyo mara mbili zaidi. Kisha nikakumbuka midomo yake ilivyokuwa myeusi alipotoka majini, mara tatu, kwa uongo alioubeba asinivunje moyo. Hasira ilibaki, lakini ikapata mwenzake wa kukaa naye.

Fundi akarudi. Mashine yake ilikuwa na foleni ya kazi hadi wiki iliyofuata, na upepo mzuri ungekaa siku nne tu. "Sakafu nawapa, chaki nitawachorea," akasema. "Mikono tafuteni wenyewe."

Mikono ilikuwa ya kinyozi. Kitana akafungua boksi lake, akatoa wembe wa dukani, akafumua mishono yangu bila kugusa uzi mmoja wa kitambaa. Hapo nilimsifu. Kwenye sindano, jamani, mtu aliyekata vichwa maelfu bila tone la damu alijichoma kidole dakika ya kwanza. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ngumi mapajani, nikimwelekeza. "Vuta. Usivute hivyo. Hapo umeruka. Mume wangu, huo ni mshono au njia ya kuku?" Siku mbili, magoti sakafuni, mishono minne na ile pembe iliyochanika. Kazini kwangu kazi ile ningeifumua nikiwa nimefumba macho, lakini fundi akapita na kidole juu yake akasema itashika.

Ikashika. Asubuhi ya tatu tanga likajaa, mashua ikalala ubavu na kwenda, na chupa yangu ya chai ikabingirika hadi chini ya kitanda. Kitana alipiga kelele kama timu yake imefunga bao. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na fundi yule kwa sauti, kana kwamba anasikia. Kila bandari tuliyoiacha hewa ilipungua ukali. Sweta moja ikaondoka, kisha soksi. Siku ya kumi na tisa tukaona binti yetu gatini, amevaa kandambili, anapunga mikono yote miwili.

Tuliishi humo humo mashuani, tumefunga kamba gatini kwake. Wiki ya kwanza vidole havikubadilika, nikaanza kuzoea wazo. Jumanne ya wiki ya pili Kitana alikwenda kuchota maji, nami nikachukua sindano na uzi, kujaribu tu. Uzi ukaingia. Mara ya kwanza. Nilikaa kitandani nikalia, nikashona kifungo cha mto kilichokuwa kimelegea, nikalia tena.

Sikumwambia. Kesho yake asubuhi nikasimama mbele yake blauzi wazi kama kawaida, akanifunga vifungo kuanzia chini, akaninyooshea kola. Keshokutwa vile vile. Nilijua nafanya ujinga. Lakini mikono ile ilikuwa imeshona tanga kwa ajili yangu, nami nilitaka kuihisi kolani siku kadhaa zaidi.

Jumatano ya wiki iliyofuata alikuwa amefika kifungo cha tatu aliposema, "Halafu sindano zako uwe unazitoa kitandani."

"Sindano gani?"

"Ile yenye uzi mweupe. Ilinichoma paja."

"Lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita."

Nikahesabu. Asubuhi nane. Mtu yule ambaye mdomo wake haukuwa na mlango.

"Umejua siku zote hizo vidole vyangu vimefunguka, na bado unanifunga vifungo?"

"Kichwa ni cha mteja," akasema, akaendelea na cha nne.